Paka wa kilo nne anailizaje sakafu ya mbao ambayo mtu mzima akipita inanyamaza?

#1 Mtunza_Nyumba (Lindi)

Wakuu, heshima kwenu. Naishi Lindi mjini katika nyumba ya zamani ya ghorofa moja, mojawapo ya zile zilizojengwa na wafanyabiashara wakati wa ukoloni, ambayo ndugu zangu waliniachia niitunze baada ya wao kuhamia Dar es Salaam. Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na sakafu ya juu ni ya mbao ngumu zilizopigiliwa misumari juu ya boriti, kila ubao ukiwa na upana unaokaribia sentimita 10.

Kinachonishangaza ni hiki. Usiku paka wetu, ambaye hazidi kilo nne, akitoka mlangoni kwenda dirishani, sakafu inalia, tena hailii mara moja, bali hutoa mlio mfupi unaofuatwa papo hapo na mwingine, kisha kimya, kisha milio miwili tena. Mimi nina kilo zaidi ya sabini, na nikipita pale pale asubuhi nasikia kishindo cha nyayo tu. Jirani yangu akija na kijibwa chake, vikombe vya kabatini hugongana, jambo ambalo halitokei hata wageni wanne wanapoingia sebuleni kwa pamoja. Nimechungulia kwa chini nikatafuta njia za mchwa na unga wa fukusi, sikuona. Naomba mwenye ujuzi anieleze, uzito mdogo unafanyaje kazi ambayo uzito mkubwa haufanyi?

#2 Korosho_Ghafi (Masasi)

Mkuu, inawezekana paka huyo ana kilo nne kwenye maelezo yako tu, na kwenye mizani ya ghala letu angetoka na kilo tisa. Hata hivyo nimevutiwa na swali, nakaa hapa niwasubiri mafundi.

#3 Fundi_Randa (Mtwara)

Habari zenu. Mimi ni seremala, na kazi ya sakafu kuukuu nimeifanya Mtwara, Lindi na mara moja moja Mikindani. Jibu langu ni fupi: ubao unaolia ni ubao uliolegea kwenye msumari. Mti unapokauka husinyaa upande wa upana na unene, ilhali urefu wake karibu haubadiliki. Unene ukipungua, kichwa cha msumari kinabaki juu pale pale kilipokuwa, na ubao unapata nafasi ya kupanda na kushuka kati ya kichwa hicho na boriti. Kila unaposhuka unajisugua kwenye shina la msumari, na huo ndio mlio unaousikia.

Sasa angalia majira. Kwetu huku kuanzia Juni hadi Oktoba ni kiangazi, kusi inavuma na hewa inakauka, kwa hiyo mbao hulia zaidi kuliko Februari, mvua zinapokuwa zimezijaza unyevu zikabanana. Mtunza_Nyumba, je, paka wako alikuwa akiiliza sakafu hiyo hata wakati wa masika? Na mbao zenyewe ni za mti gani?

#4 Kusini_Kwetu (Dar es Salaam)

Nyumba za Lindi za zamani zilitandikwa mpingo, hilo linajulikana. Mpingo ni mgumu mno, haunesi, na kitu kisichonesa kikiguswa lazima kitoe sauti.

#5 Mzee_wa_Rondo (Lindi Vijijini)

Wanangu, salaam. Kusini_Kwetu, mpingo haujawahi kuwa mti wa sakafu. Shina lake huwa fupi, lenye mikunjo na moyo uliopasuka, na mtu akipata kipande kilichonyooka cha urefu wa mkono anakipeleka kwa wachongaji wa Kimakonde au kinasafirishwa nje kutengenezewa klarineti na zumari. Ubao wa mita tatu wa mpingo utautafuta msitu mzima.

Sakafu za aina hiyo kwa kawaida ni za mvule, ambao uwanda wetu wa Rondo ulisifika kwao, au mninga, au mkongo. Msaji nao umetumika. Kama kijana anataka kujua ni mvule, atafute ubao mmoja wenye doa jeupe gumu ndani yake. Mvule hutengeneza mawe ya chokaa ndani ya shina, nasi tuliokuwa tukipasua magogo kwa msumeno wa watu wawili tulikuwa tunayatambua kwa cheche na kwa meno ya msumeno yaliyolala. Mninga hauna hilo, na sifa yake kubwa ni kwamba ukishakauka haubadiliki ukubwa kwa urahisi, kwa hiyo sakafu ya mninga hailii ovyo.

#6 Mtunza_Nyumba (Lindi)

Shikamoo Mzee wa Rondo, na asanteni wote. Nimepekua pembeni mwa ngazi, nikaona ubao wenye doa kama hilo, ncha ya kisu haiingii. Kwa hiyo nadhani ni mvule. Fundi, masika nilikuwa sisikii mlio huu, lakini siwezi kuapa, kwa sababu masika bati letu lina kelele zake.

#7 Mwalimu_wa_Fizikia (Nachingwea)

Ngoja tuweke tarakimu kidogo, maana bila tarakimu tutabishana hadi korosho zitoe maua. Nimechukua ubao wa unene wa sentimita 2.5 na upana wa sentimita 10, uliolala juu ya boriti mbili zilizoachana sentimita 60, na ugumu wa gigapaskali 10, ambao ni wa kawaida kwa mbao za jamii hiyo. Paka akiweka katikati uzito wa kilo tatu, ubao unanesa kwa takriban sehemu moja ya kumi ya milimita, yaani unene wa karatasi ya daftari. Mtu wa kilo 70 akisimama kwa mguu mmoja, ubao huo huo unanesa milimita mbili na zaidi.

Wengi wataona sehemu moja ya kumi ya milimita ni sawa na bure. Kwa mlio, inatosha kabisa. Vipande viwili vya mbao vinavyosuguana havitelezi mfululizo: hushikana, nguvu hujikusanya, kisha huachiana ghafla, halafu hushikana tena, na mfuatano huo wa haraka ndio unaotetemesha ubao mzima na hewa iliyo chini yake. Hali hiyo ya kushikana na kuachiana hutokea zaidi mwendo ukiwa wa polepole. Paka anaponyata huongeza uzito taratibu mguu kwa mguu, kwa hiyo anaipa mbao nafasi nzuri ya kulia, ilhali mwenzetu wa kilo sabini anaushusha mguu kwa kishindo, ubao unafika chini kwa mkupuo mmoja na kubanwa pale juu ya boriti. Kinachobanwa sana hakitelezi, na kisichoteleza hakilii.

#8 Fundi_Randa (Mtwara)

Mwalimu, hesabu yako ni nzuri lakini sakafu uliyoipigia hesabu haipo. Ubao wa sakafu haulali juu ya boriti mbili tu. Ubao wa mita tatu au nne unapita juu ya boriti tano au sita, na ulimi wa ubao mmoja, yaani ukingo uliochomoza ubavuni, umeingia kwenye mfereji uliochongwa ubavuni mwa jirani yake, kwa hiyo jirani anausaidia kubeba. Kunesa halisi kutakuwa pungufu ya hapo. Ndiyo maana nasema tafuteni msumari, msitafute kunesa.

#9 Mwalimu_wa_Fizikia (Nachingwea)

Nakubali kwamba ubao unaoendelea juu ya boriti nyingi unanesa kidogo zaidi ya nusu ya nilichoandika. Lakini hoja haibadiliki, kwa sababu msumari wako nao hauwezi kulia bila ubao kusogea, na ubao hausogei bila kitu kuusukuma. Wewe umetaja mahali sauti inapotokea, mimi nimetaja kinachoizalisha.

#10 Binti_Mikindani

Nyote wawili mmesahau umbo la mguu. Mguu wa mtu mzima una urefu wa sentimita 25, na mbao za Mtunza_Nyumba zina upana wa sentimita 10, kwa hiyo akizikata mbao kwa kuvuka anakanyaga tatu au nne kwa wakati mmoja, na zote zinashuka pamoja. Paka anakanyaga ubao mmoja tu. Ubao huo unashuka peke yake, jirani yake anabaki juu, na ulimi unajisugua kwenye mfereji.

Nimeliona hili nyumbani kwa bibi yangu, Mikindani, ambako chumba cha juu kina sakafu ya namna hiyo. Mdogo wangu alipoanza kusimama kwa kushika kiti, alikuwa akiiliza sakafu mahali ambapo baba hakuwahi kuiliza. Bibi alinyunyiza unga wa chaki kwenye upenyo kati ya mbao mbili, na mtoto alipopita, tuliona chaki imekatika mstari mwembamba ubavuni mwa ubao mmoja, kana kwamba mtu amepitisha wembe. Baba alipopita juu ya chaki mpya kwa mguu wa kulalia mbao zote mbili, chaki ilibaki ilivyokuwa.

#11 Korosho_Ghafi (Masasi)

Dada, hapo sasa nimeelewa. Nilikuwa najiuliza kwa nini mbuzi wa Idi aliyepandishwa ghorofani kwa shemeji yangu aliamsha mtaa mzima. Kwato zake zilikuwa zinakanyaga ubao mmoja mmoja.

#12 Mifugo_Kusini (Newala)

Habari wakuu. Mimi ni mtaalamu wa mifugo, mbao sizijui, lakini miguu ya wanyama naijua. Mtunza_Nyumba ameandika kwamba mlio huja kwa jozi, na hilo ni muhimu kuliko mlivyolipa uzito. Paka anapotembea kwa utulivu, mguu wa nyuma huutua karibu pale pale palipotuliwa mguu wa mbele wa upande ule ule. Kwa hiyo ubao ule ule unakanyagwa mara mbili kwa kufuatana. Aidha, kanyago mbili hizo hazilingani, kwa sababu miguu ya mbele ya paka na ya mbwa hubeba takriban asilimia 60 ya uzito wa mnyama. Natarajia mlio wa kwanza uwe mzito kidogo kuliko wa pili.

Kijibwa ni habari nyingine. Mbwa mdogo ndani ya nyumba hupenda mwendo wa kuchekecha, ambapo mguu wa mbele wa upande mmoja na wa nyuma wa upande wa pili hutua kwa pamoja, kwa mpigo ulio sawa na wa haraka. Pia mbwa hawezi kurudisha kucha zake ndani kama paka, kwa hiyo sehemu ya kelele anayolaumiwa ni kucha zinazogonga mbao wala si mbao zenyewe.

#13 Popo_wa_Dari (Lindi)

Nawaheshimu wataalamu, lakini je, mna hakika ni paka? Lindi hii ina komba, na kila mwenye mnazi au mwembe karibu na paa anajua wanavyokimbia usiku. Popo nao, na panya wa darini. Sauti ndani ya nyumba ya zamani huzunguka, unaisikia sakafuni kumbe imetoka juu.

#14 Mtunza_Nyumba (Lindi)

Mkuu Popo, namwona paka kwa taa. Anaweka mguu, sakafu inalia. Komba tunao, na kelele zao nazijua vizuri.

#15 Kusini_Kwetu (Dar es Salaam)

Mimi naona mnazunguka bure. Nyumba yote imeachia viungo. Kimbunga Kenneth cha mwaka 2019 kilipiga Mtwara na Lindi, kikazitikisa nyumba zote za zamani, na tangu hapo boriti hazikai sawa. Nyumba iliyoachia viungo hata kuku akipita inatikisika.

#16 Binti_Mikindani

Kaka, Kenneth haikutua kwetu. Tulitangaziwa tahadhari, shule zikafungwa na watu wakahamishwa sehemu za chini, lakini kimbunga kilitua Cabo Delgado, Msumbiji, tarehe 25 Aprili 2019. Huku tulipata mawingu, upepo na mvua, na si kile walichokipata wenzetu wa ng'ambo ya Ruvuma.

#17 Mzee_wa_Rondo (Lindi Vijijini)

Aliyetaka kimbunga cha Lindi aseme cha Aprili 1952. Hicho ndicho kilichotua Lindi, kikaua watu na kuezua mji. Kama nyumba ya kijana ilikuwepo wakati ule, basi inawezekana kabisa paa lilitoka, mvua ikaingia juu ya mbao kwa siku kadhaa, zikavimba, kisha zikakauka kwa jua zikiwa zimekunjama. Ubao wa namna hiyo unakuwa na tumbo. Unakaa juu ya boriti moja ya katikati huku ncha zake zikielea, na mnyama wa kilo tatu akikanyaga ncha moja, ubao unashuka upande huo na kunyanyuka upande wa pili. Hapo hakuna haja ya kunesa hata kidogo. Mtu mzima akikanyaga, anaubana mpaka chini na unatulia.

#18 Kalafati (Mikindani)

Wazee wangu, naomba nichangie kutoka kwenye majahazi. Chumvi ya bahari haikai pwani tu, inaingia madirishani na kutua kwenye kila msumari. Msumari wa chuma ukishika kutu unavimba kuliko chuma kilichokuwepo, unapanua tundu lake, halafu kutu hiyo inapukutika kuwa unga na kuacha msumari mwembamba ndani ya tundu pana. Mti wenyewe unaozunguka msumari nao huharibika, unakuwa mweusi na laini, na ukiuchokonoa kwa kucha unatoka kama ugoro. Chomboni tunaliona hili kila tunapobadilisha ubao, na ndiyo sababu jahazi kuukuu linalia lote likiwa limetia nanga kwenye maji yaliyotulia.

Mtunza_Nyumba, toa msumari mmoja tu uangalie shina lake katikati, pale ubao unapokutana na boriti. Ukikuta kiuno kimeliwa na pande mbili ni nene, basi jibu unalo mkononi.

#19 Fundi_Randa (Mtwara)

Kalafati amesema kweli tupu, na ndicho nilichokuwa nakisema tangu mwanzo.

#20 Kalafati (Mikindani)

Si hicho, fundi. Wewe umesema mti umesinyaa. Mimi nasema msumari umeliwa. Mti uliosinyaa masika itaurudisha. Msumari ulioliwa haurudi.

#21 Mtaa_wa_Shangani (Mtwara)

Naomba nipinge wote kwa heshima. Hakuna uthibitisho kwamba sakafu inalia kwa paka zaidi ya inavyolia kwa mtu. Kilichopo ni kwamba Mtunza_Nyumba anamsikia paka usiku wa manane, akiwa amelala, mtaa ukiwa kimya, na miguu ya kitanda chake ikiwa imesimama juu ya mbao zile zile. Mtikisiko wa ubao unapanda kwenye mguu wa kitanda, unapita kwenye fremu, unafika kwenye mto na sikio lake. Akitembea mwenyewe asubuhi, sikio liko juu zaidi ya mita moja na nusu, viatu vinagonga, bodaboda zinapita, na mlio ule ule unafunikwa. Aweke simu ya kurekodi chini ya sakafu, apite yeye, kisha apite paka, tusikilize.

#22 Mwalimu_wa_Fizikia (Nachingwea)

Hili la kitanda ni zuri, na nalikubali kama sehemu ya jibu. Lakini halielezi vikombe vya kabatini, ambavyo havina masikio.

Kuhusu vikombe, nina dhana. Kila sakafu ya mbao ina mpigo wake wa asili, na sakafu nyepesi za aina hii mara nyingi hutikisika kwa mapigo yaliyo kati ya nane na kumi na tano kwa sekunde. Kijibwa kinachochekecha kwa mpigo sawasawa kinaweza kugonga sakafu kwa namna ambayo kila hatua inaangukia kila mtikisiko, au kila mtikisiko wa pili au wa tatu, na kuongezea juu ya iliyotangulia. Wageni wanne wanatembea kila mmoja kwa mpigo wake, wanaharibiana, na zaidi ya hapo mwili wa binadamu aliyesimama sakafuni hunyonya mtikisiko, kwa hiyo kadiri watu wanavyoongezeka ndivyo sakafu inavyotulia haraka. Wakumbukeni watembea kwa miguu wa Daraja la Millennium kule London, lililofunguliwa Juni 2000 na kufungwa baada ya siku mbili kwa sababu ya kuyumba.

#23 Mtaa_wa_Shangani (Mtwara)

Mwalimu, mfano huo unakupinga. Daraja lile liliyumba upande kwa upande, halikupanda na kushuka, na liliyumba kwa sababu watu walikuwa wengi, wakalingana hatua bila kukusudia. Ungekuwa na kijibwa kimoja pale, daraja lisingejua.

#24 Mwalimu_wa_Fizikia (Nachingwea)

Ni kweli kuhusu upande wa kuyumba. Nililitaja kwa ajili ya mpigo tu. Dhana ya vikombe naiacha pale pale hadi mtu apime.

#25 Kilwa_Masoko

Ninyi wa Lindi mjini mngejenga kama wazee wa Kilwa Kisiwani, swali hili lisingekuwepo. Dari za majumba ya mawe ya pwani zilikuwa za boriti za mikoko zilizopangwa kwa karibu, na juu yake palimwagwa kokoto za matumbawe na chokaa vikashindiliwa. Sakafu ya namna hiyo ni nzito mno, paka mia wakiruka haitingishiki. Hasara yake ni kwamba boriti ya mkoko haina urefu, na ndiyo maana vyumba vile ni vyembamba, upana wake hauzidi sana mita mbili na nusu. Waliokuja na mbao ndefu walipata vyumba vipana na sakafu nyepesi, na wepesi huo ndio unaolia.

#26 Korosho_Ghafi (Masasi)

Kwa hiyo Mtunza_Nyumba achague kati ya kumwaga chokaa sebuleni na kumpunguzia paka dagaa. Shaka yangu kuhusu kilo zake bado iko palepale, na dagaa ndiyo njia ya bei nafuu.

#27 Mtunza_Nyumba (Lindi)

Nimefanya mliyoagiza, nawaletea niliyoyapata.

Simu niliiweka juu ya meza chini ya sebule. Paka akipita, milio inasikika waziwazi hata chini, kwa hiyo kitanda si sababu pekee. Nilipopita mimi kwa mwendo wangu wa kawaida, kilichorekodiwa ni vishindo. Lakini nilipopita pekupeku, nikinyata na kuushusha mguu taratibu kwenye ubao mmoja kwa vidole, mbao tatu zililia kama zinavyolia kwa paka. Hapo Mwalimu na Binti_Mikindani wote wanaweza kudai ushindi, maana nilinyata na pia nilikanyaga ubao mmoja, wala sijui ni lipi lililofanya kazi.

Nilisugua poda ya mtoto kwenye maungio ya ubao mmoja kati ya hizo tatu, ukanyamaza. Wa pili niliupaka hivyo hivyo, haukusikia. Kwenye wa pili huo nilitoa msumari. Kiuno chake kimeliwa kweli, kama Kalafati alivyosema, na tundu ni jeusi pembezoni. Lakini msumari wa ubao wa kwanza, ulionyamaza kwa poda, nao umeliwa vilevile.

Mifugo_Kusini, nimesikiliza mlio wa kwanza na wa pili kwa makini, naona wa pili ndio mzito.

#28 Mifugo_Kusini (Newala)

Mkuu, huenda mguu wa mbele unaondoa nafasi ya kwanza ya ubao, na wa nyuma unamalizia. Siwezi kuisemea mbao. Miguu ndiyo hiyo niliyoieleza.

#29 Fundi_Randa (Mtwara)

Kaka, kabla hujaendelea kuchokonoa, naomba unisikilize kwenye mambo machache ya kazi. Usimwage mafuta ya kupikia wala ya gari kwenye maungio, yanaingia ndani ya mti, yanavuta vumbi na hakuna gundi itakayoshika tena. Poda, nta ya mshumaa au unga wa risasi ya penseli vinatosha pale mbao mbili zinaposuguana. Pale ubao unapoelea juu ya boriti, tia kabari nyembamba kutoka chini, uisukume kwa mkono hadi iguse, usiipige nyundo, maana ukiipiga utaunyanyua ubao na kuufanya wa jirani ulie. Misumari iliyoliwa badilisha kwa skrubu za shaba au za chuma kisichoshika kutu, na utoboe tundu kwa keekee kwanza. Mvule mkavu wa miaka mingi ukiupigia skrubu bila tundu unapasuka kwa urefu, na ubao wa kufanana nao hutaupata sokoni leo.

#30 Kalafati (Mikindani)

Naongeza moja. Ncha za boriti zilizoingia ukutani zichunguzwe. Mawe ya matumbawe na chokaa yanashika unyevu, na boriti huoza pale ukutani huku katikati ikionekana nzima. Chukua bisibisi, ichome kwenye boriti sentimita chache kutoka ukutani, upande wa chini. Ikiingia bila kusukumwa, basi kinachotikisika ni boriti yenyewe, na vikombe vya kabatini vina haki ya kulalamika. Kabati lenyewe limekaa wapi, katikati ya chumba au ukutani?

#31 Mtunza_Nyumba (Lindi)

Limeegemea ukuta wa upande wa bahari. Nimechoma bisibisi kwenye boriti nne za upande huo. Tatu ni ngumu. Ya nne, iliyo chini ya kabati, imeingia hadi nusu ya chuma chake.

#32 Fundi_Randa (Mtwara)

Hamisha kabati leo, na jirani asije na kijibwa hadi boriti hiyo itegemezwe kwa nguzo kutoka chini.

#33 Mwalimu_wa_Fizikia (Nachingwea)

Boriti iliyooza ncha inashusha mpigo wa asili wa sakafu, kwa hiyo dhana yangu haijafa, imepata nguvu. Ukishahamisha kabati, tafadhali pima nafasi kati ya boriti hiyo na ya jirani yake.

#34 Mtaa_wa_Shangani (Mtwara)

Au boriti imeoza, vikombe vinagongana, na mpigo wa asili hauhusiki kabisa. Hata hivyo boriti hiyo iko ukuta wa bahari, na paka anatoka mlangoni kwenda dirishani. Mtunza_Nyumba, dirisha hilo liko upande gani?

#35 Mtunza_Nyumba (Lindi)

Liko upande wa barabara. Boriti zote za upande huo ni nzima.